Deni la Rehana

Alfajiri moja ya mwaka 1899, Hassanali mwenye duka anatoka nyumbani kwake kwenda kuadhini, na katika mwanga ambao bado haujawa mwanga anaona kivuli kikimjia. Wazo lake la kwanza ni kwamba amekutana na kiumbe kisicho cha ulimwengu huu. Kumbe ni Mzungu, aliyekauka midomo na kuishiwa nguvu, ambaye anaanguka mbele yake. Hassanali, mtu mwoga na mwenye huruma, anamchukua nyumbani. Ndani ya nyumba hiyo yumo dada yake, Rehana.

Hivyo ndivyo inavyoanza Desertion, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka London mwaka 2005. Baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 wasomaji wengi wa mwambao walikimbilia Paradise ya mwaka 1994, na walifanya vyema, kwani sasa inasomeka pia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Lakini anayetaka kujua siri ya nyumba za pwani ilivyojengwa, ikatunzwa, na hatimaye ikamdai mtu asiyekuwamo, na aifungue hii ya 2005. Ni riwaya ya nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni huo wa 1899, katika mji mdogo kaskazini ya Mombasa. Wa pili ni Unguja ya miaka ya 1950 hadi mkesha wa mapinduzi na baada yake. Baina ya nyakati hizo mbili pana mapenzi yaliyozaa mtoto, na mtoto aliyezaa mtoto, na aibu iliyorithiwa kama inavyorithiwa nyumba.

Mwaka wenyewe haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini mwaka 1888 ilishindwa kazi, na serikali ya London ikaichukua nchi mkononi mwake. Ukanda wa pwani wa maili 10 ukabaki kwa jina kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kodi ya kila mwaka kwa ajili yake. Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alipigana na utaratibu huo mpya hadi mwaka 1896 alipovukia upande wa Wajerumani. Mwaka huo huo reli ilianza kutandikwa Mombasa, na Agosti yake mizinga ya manowari za Kiingereza iliivunja kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja. Kufikia 1899 reli imeshafika Nairobi, ukame umeshaikamata bara, na katika miji midogo ya mwambao mashamba ya nafaka yaliyolimwa kwa mikono ya watumwa yameanza kuota magugu. Bwana mpya amekwishafika, lakini bado ni mgeni. Anakaa peke yake barazani, anakunywa, anasoma mashairi ya kwao. Frederick Turner, mtawala wa wilaya katika riwaya hii, ndiye mtu huyo hasa. Na mazungumzo yake na meneja wa shamba juu ya hatima ya Waafrika ni katika kurasa zinazomfanya msomaji aone vipi watu wenye adabu njema mezani wanavyoweza kuzungumzia kutoweka kwa watu wengine kama wanaozungumzia hali ya hewa.

Ama Rehana, yeye ana historia yake kabla ya Mzungu. Baba yake ni Mhindi, mama yake Mswahili. Kwa hiyo tayari nyumba yao imesimama kando kidogo ya mtaa, si ya huku wala ya kule. Aliwahi kuolewa na Azad, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja na msimu. Alipoondoka aliahidi kurudi, asirudi. Hakuna barua. Haijulikani kama amekufa, amezama, au ana mke mwingine katika bandari nyingine.

Msomaji wa leo anaweza kupita hapa haraka, akaona ni kisa cha mume mtoro tu. Msomaji wa pwani hapaswi kupita haraka. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uhindi, Uarabuni na Ghuba kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi ikayarudisha kuanzia miezi ya Aprili na Mei. Baina ya upepo na upepo palikuwa na miezi ya kukaa nchi kavu, na katika miezi hiyo watu waliuza, walinunua, walikopeshana, na walioa. Ndoa hizo zilikuwa halali, zenye mahari na mashahidi. Lakini halali yake ilitegemea upepo. Mume asiporudi msimu wa pili, wala wa tatu, mke alikuwa nani? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi mwambaoni, kauli iliyotegemewa ni kwamba mke wa aliyepotea hubaki katika ndoa mpaka kifo au talaka ithibitike. Maliki walisema asubiri miaka minne, kisha akae eda ya mjane. Ilikuwapo njia ya kuomba ndoa ivunjwe kwa kukosa matumizi, lakini hiyo ilimtaka mwanamke asimame mbele ya kadhi na kulitamka hadharani lile ambalo nyumba yake yote ilikuwa ikilificha: kwamba ameachwa. Rehana si mjane, si mtalaka, si mke. Hali yake haina jina la kuitwa mtaani, na jambo lisilo na jina ndilo hugeuka siri. Kwa hiyo deni la familia hii halikuanza kwa Mzungu. Lilianza kwa jahazi.

Mzungu huyo, Martin Pearce, anajua Kiarabu, amesafiri, na ana haya ya mtu aliyeanza kutilia shaka haki ya watu wake kuwatawala wengine. Anapopata nguvu anarudi kwa Hassanali kushukuru na kuomba radhi, kwa kuwa Turner alikwisha kuwatuhumu wenyeji wake kwamba wamemwibia. Anamwona Rehana. Hatimaye wawili hao wanaishi pamoja Mombasa, na siku moja Martin anarudi kwao Uingereza. Rehana anabaki na mtoto wa kike, Asma.

Vipi ilitokea? Hapo ndipo Gurnah anapofanya jambo la ujasiri kuliko yote katika kitabu chake. Anasita. Sauti ya msimulizi, ambayo mpaka hapo ilijificha, inajitokeza na kukiri kwamba haijui. Msimulizi ni Rashid, kijana wa Unguja anayeandika akiwa Uingereza miaka mingi baadaye, na yote tuliyoyasoma juu ya alfajiri ile ameyajenga kwa alichosikia na kwa alichokisia. Anajua kwamba jambo lilitokea. Hajui mkono upi ulitangulia kunyooshwa, wala kwa neno gani. Waandishi wengi wa riwaya za kihistoria wangelifunika pengo hilo kwa busati zuri. Yeye analiacha wazi, mtu achungulie.

Na pengo hilo ni la kweli katika historia, si hila ya mtunzi. Nyaraka za utawala wa wakati ule zina kodi, mipaka, kesi za ng'ombe na mbuzi, mvua na maradhi. Mapenzi ya afisa na mwanamke wa nchi huingia katika karatasi pale tu yanapogeuka fedheha. Mfano maarufu ni ule wa mwaka 1908 katika nchi ya Wakikuyu, ambapo jirani wa Kiingereza alimshitaki afisa mmoja, Hubert Silberrad, kwa kuwaweka wasichana nyumbani kwake. Uchunguzi ukafanywa, gazeti la The Times likapata barua, na afisa akaadhibiwa kwa kupotezewa mwaka mmoja katika daraja ya utumishi wake. Januari 1909 Lord Crewe, waziri wa makoloni, akatoa waraka wa kuwaonya maafisa dhidi ya mahusiano ya namna hiyo. Waraka ule ulihofia heshima ya utawala. Wanawake walioishi katika nyumba hizo, na watoto waliozaliwa humo, hawakuwa shabaha ya maneno yake. Kwa hiyo mwanahistoria anayeingia katika nyaraka kumtafuta mtu kama Rehana atatoka na jina la bwana, cheo chake na adhabu yake.

Wala si Waingereza peke yao walioshusha pazia. Amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaweka kando masuria: wao walihesabiwa kama wake, na hawakuweza kudai uhuru ila kwa sababu ya kutendewa ukatili. Ilibidi ifike 1909 ndipo sheria nyingine ikawagusa na wao. Mabwana wa nchi na mabwana wa serikali walikubaliana, kila mmoja kwa sababu yake, kwamba kilichomo nyuma ya mlango wa ndani hakiulizwi. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe, za Mombasa, za Lamu, zina bibi mmoja katika nasaba ambaye jina la baba yake hutajwa haraka, kisha mazungumzo yakahamishwa?

Yupo mmoja aliyeandika. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliondoka Unguja usiku mmoja wa Agosti 1866 katika manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden na kuolewa huko mwaka 1867, akawa Emily Ruete wa Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akimwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mtu anayekisoma kitabu kile kwa pupa ya kutaka kujua mapenzi yale yalivyoanza atavunjika moyo: kuna kurasa nyingi juu ya Mtoni, juu ya chakula, mavazi, elimu ya watoto, sikukuu, ugomvi wa ndugu, na chache mno juu ya kijana wa nyumba ya jirani. Hata yeye aliyekuwa na kalamu, na aliyekwisha kupoteza kila ambacho aibu ingeweza kumnyang'anya, aliliacha pazia mahali pake. Rehana wa riwaya hana kalamu wala cheo. Mwandishi akimpa ungamo refu la mapenzi, atakuwa amempa lisilopatikana hata kwa binti wa mfalme.

Nusu karne inapita, na tunaingia Unguja. Familia ni ya walimu. Baba mwalimu, mama mwalimu; mama huyo alikuwa katika kizazi cha mwanzo cha wasichana walioruhusiwa skuli, baada ya skuli ya serikali ya wasichana kufunguliwa mwaka 1927, na alilazimika kusimama mbele ya wakubwa wake ili asome na afundishe. Wana watoto watatu: Amin aliye mtulivu na mwaminifu, Rashid anayeota kwenda ng'ambo, na Farida ambaye hakufaulu mitihani akageuka fundi wa nguo za wanawake. Ni katika ushonaji huo wa Farida ndipo anapoingia nyumbani Jamila, mwanamke mzuri, mtalaka, anayejitegemea. Amin anampenda. Jamila ni mtoto wa Asma. Bibi yake ni Rehana.

Siri inapofichuka wazazi hawatafuti ushahidi wala hawaulizi tabia ya Jamila mwenyewe ni ipi. Wanauliza ni wa nani. Ni mjukuu wa mwanamke aliyekaa na Mzungu. Amin anatakiwa aahidi kutomwona tena, na kwa kuwa ni mwana mtiifu anaahidi, na kwa kuwa ni mkweli anaitimiza ahadi hiyo. Hakuna bakora katika kisa hiki, wala mlango uliofungwa kwa kufuli. Mama analia tu. Na mama huyo ndiye yule yule aliyepigania skuli.

Hapo riwaya inachoma. Ingekuwa rahisi kumfanya mama kuwa mshamba au mkatili, nasi tukamlaumu kwa raha zetu. Gurnah hakumfanya hivyo. Mama anajua thamani ya alichokipata: heshima ya mwanamke msomi mwaka 1958 au 1960 ilisimama juu ya uzi, na kila aliyesema kwamba kumsomesha msichana ni kumharibu alikuwa akingoja uzi huo ukatike. Nyumba ya walimu ilipaswa kuwa safi kuliko nyumba nyingine. Kwa hiyo uhuru wa mwanamke mmoja ulilipiwa kwa kumfungia mlango mwanamke mwingine. Wasomaji wa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, watamkumbuka Yasmin, naye wa Unguja ile ile ya miaka ya hamsini, aliyetengwa na watu wake kwa kuikimbia ndoa. Tofauti ni kwamba Yasmin analipa kwa alilolitenda mwenyewe. Jamila analipa deni la mwaka 1899.

Tazama sasa njia ambayo kisa chenyewe kilipita. Rehana alimwachia Asma kitu, Asma akampa Jamila, Jamila akamsimulia Amin katika siku zao chache, Amin akaandika katika madaftari yake, na madaftari hayo yakamfikia Rashid. Mwenye kusoma elimu ya hadithi ataitambua silsila: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Lakini katika silsila hii wapokezi karibu wote ni watu ambao mtaa haukubali ushahidi wao: aliyeachwa, aliyezaliwa na Mzungu, mtalaka, mpenzi aliyeshindwa, mtoro. Afisa Turner angehesabika kuwa shahidi mwaminifu, na hana la kusema. Hii ndiyo historia ya pwani isiyokuwamo katika vitabu vya historia, na huenda ndiyo sababu ushairi wetu ukawa na mafumbo mengi kiasi hicho. Fumbo lilikuwa kasha la kupitishia lisilopitishika. Mwenye ufunguo alifungua. Asiyekuwa nao alisifu vina na mizani.

Jina la kitabu lingemsumbua mfasiri. Kutoroka? Hilo lina mtumwa na askari ndani yake. Kutelekeza? Hilo lina mume. Kuhama au kugura ni kuondoka kwa aliye huru. Kiingereza kinayakusanya mengi kati ya haya katika neno moja, na riwaya inayatumia yote: Martin anaachwa nyikani na waongozaji wake, Azad anamwacha Rehana, Martin naye anamwacha, Amin anamwacha Jamila bila ya kuondoka mji mmoja naye, Rashid anaiacha nyumba. Hata Waingereza wanaiacha nchi. Desemba 10, 1963 walishusha bendera, na Januari 12, 1964 serikali waliyoiacha ikapinduliwa. Rashid yuko Uingereza wakati huo, mwanafunzi mwenye sanduku moja, na barua za baba zinamwambia asirudi. Kuachwa na kuacha vinakuwa kitu kimoja. Labda Kiswahili kingetosheka na "Kuachwa" tu, kwa ule mnyambuliko wetu unaomtaja aliyefikwa na jambo na kumnyamazia aliyelitenda.

Wako wanaomsoma Rashid kana kwamba ni Gurnah mwenyewe. Wanakosea. Rashid aliondoka kabla ya mapinduzi; Gurnah, aliyezaliwa Desemba 1948, alikuwa na umri wa miaka 15 Januari ile, akaishi humo miaka kadhaa kabla ya kwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakurudi kuitazama Unguja hadi 1984. Yaani mwandishi alimpa msimulizi wake jambo ambalo yeye hakuwa nalo: kutokuwapo. Rashid hakuona. Lazima asimuliwe, kama alivyosimuliwa juu ya Rehana. Nyakati zote mbili za riwaya, ile ya mbali na ile ya karibu, zinamfikia kwa masikio.

Kasoro ipo, na haifai kufichwa kwa sababu ya tuzo. Sehemu ya 1899 inakaa muda mrefu mno barazani kwa Turner. Mazungumzo ya Waingereza yameandikwa kwa ustadi, lakini msomaji wa mwambao, aliyeonjeshwa Rehana akipika, akikasirika, akimcheka kaka yake, anataka kurejeshwa ukumbini kwake na harejeshwi. Mtu anaweza kujibu kwamba ndiyo maana ya kitabu, kwamba pengo ni pengo. Jibu hilo linatosha kwa usiku ule wa mapenzi. Halitoshi kwa miaka yote iliyofuata, alipokuwa mama, kisha bibi, akimlea msichana katika mji ambao kila mtu alijua. Huyo hakuwa siri kwa jirani zake, walimuuzia samaki.

Gurnah aliirudia siri ya ndani ya nyumba mara kwa mara baada ya hapo: baba anayewaficha wanawe alikotoka katika The Last Gift ya 2011, na mama na mjomba katika Gravel Heart ya 2017. Katika hizo mbili mwenye siri au aliye karibu naye huja akasema, ingawa kwa kuchelewa. Katika Desertion Rehana hasemi. Jamila aliyajua mengi ya kutosha kumsimulia kijana aliyempenda, kwa hiyo bibi huyo, au binti yake, alikaa siku moja na kufungua mdomo mbele ya mtoto wa kike. Alichagua kuanzia wapi: kwa jahazi la Azad, au kwa alfajiri ile kaka yake aliporudi kutoka msikitini na mgonjwa badala ya sala?